Kifaru Hana Ukoo

Mwishoni mwa mwaka 1982, miezi michache baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi, mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha kuunganisha magari Mombasa alichukua likizo yake ya mwaka akaanza kutembea kwenda Nairobi. Shingoni alikuwa amemzungusha chatu. Jina lake lilikuwa Michael Werikhe, umri miaka 26, na safari aliyokuwa ameianza ni ya kama kilomita 480.

Hakuwa mwanariadha. Kenya ya wakati huo ilishajulikana duniani kwa mbio. Kipchoge Keino alikuwa ameleta dhahabu kutoka Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, na Henry Rono alikuwa amevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Werikhe hakutoka kwenye kambi zao. Kazi yake kiwandani ilikuwa ya usalama. Alijua mbwa, alijua nyoka, na alijua kitu kimoja ambacho Wakenya wengi hawakukijua: vifaru walikuwa wanaisha.

Alikijua kwa sababu alikiona kwa macho. Kabla ya kiwanda alikuwa amefanya kazi katika idara ya wanyamapori, hapo hapo Mombasa, kwenye ghala la serikali la pembe. Kazi ilikuwa kupanga na kuorodhesha pembe za ndovu na za vifaru, moja baada ya nyingine, siku nzima. Mtu anayehesabu pembe za vifaru anahesabu vifaru waliokufa. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 hivi. Katikati ya miaka ya themanini hawakufika hata 500. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya bidhaa za wanyamapori, lakini bunduki hazisomi gazeti la serikali. Pembe zilitoka, nyingine zikaenda Yemen kutengenezewa mipini ya majambia, nyingine Asia Mashariki kusagwa kuwa dawa.

Werikhe aliiacha kazi ya ghala. Miaka kadhaa baadaye akavaa viatu, akambeba nyoka wake, akaingia barabarani.

Nimekuwa nikimsoma mtu huyu tangu mwaka jana. Mimi niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, na historia ninayoijua nimeipata kwa vitabu vya kuazima na kwa simu, usiku, wakati mtandao wa Masalani unapokubali. Naandika makala kwa yeyote anayelipa. Hii ningeiandika hata bila malipo, kwa sababu kuna ubishi umeingia mjini kwetu na bado haujaisha.

Ubishi wenyewe ni huu. Jamaa mmoja wa rika langu ametangaza kwamba atafanya traiathloni ya masafa marefu ili kuchangisha pesa za tangi la maji la shule ya msingi. Hajawahi kushindana popote. Baiskeli anayo, ile nyeusi ya kubebea mitungi. Kukimbia anajua kama sisi sote, yaani akifukuzwa. Kuogelea ndiyo ngori, maana maji ya karibu ni Mto Tana, na Tana ina mamba. Sasa kila jioni kwenye kibanda cha chai watu wanampangia njia: wengine wanasema aogelee Lamu, wengine wanasema aruke hiyo sehemu aanze na baiskeli, wengine wanamuuliza kama mamba wataruhusiwa kushiriki.

Mzee mmoja alisikiliza mpaka akachoka. "Waryaa," akasema, "maji yako mtoni, pesa ziko mifukoni mwetu. Kwani asipokimbia hatutatoa?"

Msichana anayetupikia chai hakugeuka hata kutoka jikoni. "Adeer, na mbona hamjatoa?"

Watu walicheka, mzee naye akacheka. Mimi niliondoka na yale maswali mawili kichwani. Kwa nini mtu ajitese ndipo wengine wafungue mifuko? Na kama pesa zilikuwepo muda wote, zilikuwa zinangoja nini?

*

Tuanze na hiyo traiathloni yenyewe, kwa sababu watu wanadhani ilizaliwa kwa ajili ya hisani. Haikuzaliwa hivyo. Mbio ndefu inayoitwa Ironman ilianzia kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii, tarehe 18 Februari 1978, kutokana na ubishi kama wetu wa kibandani. Watu wa kule walikuwa wakibishana nani ana pumzi zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli. Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akasema basi tuunganishe mashindano matatu ya kisiwa hiki yawe moja: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42. Wakaanza wanaume 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Hakukuwa na mgonjwa wala yatima aliyechangiwa siku ile. Kilichotafutwa kilikuwa jibu la ubishi.

Mila ya kuutumia mwili kuchangisha ilikuja kwa njia nyingine, na ni ya zamani zaidi. Mwaka 1953 mchekeshaji mmoja wa Puerto Rico, Ramón Rivero, ambaye watu walimwita Diplo, alitembea kutoka San Juan hadi Ponce, upande wa pili wa kisiwa, kuchangia vita dhidi ya saratani. Alikuwa mtu wa redio na jukwaa. Watu walitoka majumbani kumwona msanii wao akichechemea, wakatoa.

Halafu akaja Terry Fox wa Kanada. Alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 akiwa na miaka 18, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka St. John's, ukingo wa mashariki wa nchi yake, akilenga kuivuka yote mpaka bahari ya pili kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia. Kila siku alijaribu kukimbia urefu wa marathoni. Mwanzoni vijiji vingine havikumtilia maanani. Tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama karibu na Thunder Bay kwa sababu saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki Juni 1981. Kabla hajafa, mfuko wake ulikuwa umepita dola milioni 24 za Kanada, sawa na dola moja kwa kila Mkanada, kama alivyokuwa ameomba.

Nikimweka Diplo, Fox na Werikhe kwenye mstari mmoja naona wanafanana kwa jambo moja. Hakuna aliyekuwa bingwa wa mbio. Bingwa akimaliza marathoni tunampigia makofi, halafu tunarudi kwenye shughuli zetu, maana kukimbia ndiyo kazi yake. Lakini mtu wa kawaida akiingia barabarani na mwili ambao haukuandaliwa kwa kazi hiyo, kila anayemwona anajiuliza: huyu anajua nini ambacho mimi sikijui, mpaka akubali kuumia hivi? Pesa hufuata baada ya swali hilo.

*

Sasa turudi kwetu, maana huku kuchanga hatukufundishwa na Hawaii wala Kanada.

Wasomali tuna qaaraan. Mtu akiuguliwa, akifiwa, gari lake likiua mtu, ukoo unakaa chini, kila mmoja anapangiwa au anajipangia kiasi, mchango unakusanywa. Hapana kukimbia. Hapana fulana yenye maandishi. Siku hizi ni kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa, na kufika jioni mgonjwa yuko kwenye gari anapelekwa Garissa au Nairobi. Anayechelewa kutoa anakumbushwa. Anayekataa atakumbukwa siku yake ikifika.

Kenya nzima nayo ina harambee. Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa wito wa taifa uhuru ulipokuja mwaka 1963, na shule nyingi za vijijini zilijengwa kwa njia hiyo, kila mtu akileta alichonacho. Baadaye wanasiasa wakaigeuza jukwaa la kuonyesha mabunda, mpaka sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka watumishi wa serikali katika kuchangisha.

Qaaraan ina nguvu kwa sababu ina mipaka. Inamjua nani ni wetu. Mgonjwa wa ukoo hahitaji kukimbia popote ili apate nauli, kwa hiyo mzee wa kibandani alikuwa na haki ya kushangaa. Lakini tangi la shule si mgonjwa wa mtu. Wanafunzi wa shule ile wanatoka koo mbalimbali, wengine ni wa waliohamia, wengine wa wafanyakazi wa serikali watakaohamishwa mwakani. Kila ukoo unaliangalia tangi na kudhani ni la wengine au ni la serikali. Ndiyo maana pesa zilikuwa mifukoni na zikabaki huko. Msichana wa chai alikuwa na haki vilevile.

Kifaru ni mfano mkubwa zaidi wa tatizo hili hili. Kifaru hana ukoo. Hana binamu Nairobi wala mjomba Dubai wa kutuma chochote. Vifaru elfu wakifa hakuna tanga linalowekwa. Mwaka 1982 alikuwa mali ya serikali kwenye karatasi, na mali ya aliyemfikia kwanza huko porini. Ili mtu atoe shilingi kwa ajili yake, ilibidi kwanza kifaru apatiwe jamaa.

Hapo ndipo ninapoielewa safari ya Werikhe. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi inapita katikati ya Tsavo, ambako vifaru walikuwa kwa maelfu na ambako walichinjwa kwa kasi ya kutisha. Watu wanaoishi kando ya barabara ile ndio waliokuwa majirani wa mnyama huyu, na ni wachache waliokuwa wamewahi kuambiwa habari zake kwa heshima. Walichokijua ni askari wa wanyamapori na faini. Sasa anakuja kijana peke yake, kwa miguu, vumbi tupu, na nyoka shingoni. Kwa kawaida yetu nyoka anauawa kwanza, maswali baadaye. Watu walisogea kumwona nyoka, na wakiwa wamesogea wakasikia habari za kifaru. Chatu yule aliitwa Survival, yaani kunusurika.

Tukumbuke safari ile ya kwanza ilikuwa zaidi ya kuongea kuliko ya kukusanya. Angetaka kuongea na wenye pesa tu, angepanda basi la usiku akafika Nairobi asubuhi. Ila kwa basi ungempita kila mtu aliyekuwa na haja ya kusikia.

Mwaka 1985 alitembea tena, safari hii akianzia Kampala na kupitia Kenya na Tanzania, zaidi ya kilomita 2,000. Mwaka 1988 alitembea Ulaya, na mwaka 1991 Amerika Kaskazini. Huko nje ndiko mfuko ulikojaa. Kwa jumla safari zake zilichangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya vifaru. Mwaka 1990, tuzo ya mazingira ya Goldman ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Werikhe alikuwa miongoni mwa washindi, mwakilishi wa Afrika. Binti zake wawili aliwaita Acacia na Kora. Kora ni pori la Mto Tana, juu ya mto huu huu unaopita kwetu, alikoishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa na majambazi Agosti 1989. Mtu aliyempa mtoto wake jina la pori ameshaamua kwamba pori ni ndugu.

*

Njia hii ina mipaka yake pia, na historia ya Kenya inaionyesha.

Juni 2012, Zachary Kimotho, daktari wa mifugo, aliondoka Nairobi akiwa kwenye kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000. Alikuwa amepigwa risasi na majambazi wa magari mwaka 2004 na kupooza. Lengo lilikuwa shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarudishia uwezo watu walioumia uti wa mgongo, na kaulimbiu iliwaambia Wakenya wamrudishe Zack nyumbani. Kadiri watakavyochanga upesi, ndivyo atakavyogeuza kiti upesi. Nchi nzima ilimfuata kwenye televisheni na simu. M-Pesa ilikuwa na miaka mitano tu, na mtu wa kijijini aliweza kutuma shilingi hamsini akiwa shambani.

Zack alirudishwa nyumbani bila kufika Afrika Kusini. Lakini fedha hazikufika lengo. Machozi ya nchi yalikuwa ya kweli, na bado hesabu haikutosha. Mwili wa mtu mmoja unaweza kulifanya jambo lionekane kwa majuma kadhaa. Kujenga hospitali, kuajiri wauguzi na kununua vifaa kila mwaka ni kazi ya bajeti, na bajeti ni kazi ya serikali. Nikisoma habari zake najiuliza kwa nini mtu aliyepooza ndiye aliyebeba hoja ambayo ingebebwa na wizara.

Douglas Sidialo alionyesha upande mwingine. Alipoteza macho yote mawili tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na kuua watu zaidi ya 200. Miaka michache baadaye aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town, yeye nyuma, mwenzake anayeona mbele, maelfu ya kilomita. Alikuwa akiwatafutia wasioona nafasi na heshima. Kwa lengo hilo, safari ilitosha, kwa sababu ilikuwa yenyewe ushahidi. Huwezi kusema kipofu hawezi wakati amekupita kwa baiskeli.

Na mwaka 2011 tuliyaona haya tukiwa upande wa pili. Ukame ulipokaza kaskazini, Wakenya walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya mwishoni mwa Julai. Lengo la kwanza, shilingi milioni 500, lilipitwa baada ya majuma machache. Watoto wa shule walitoa. Matatu zilitoa. Nilikuwa mtoto bado, na sitaki kuudharau unga uliofika. Lakini sisi ndio tuliokuwa kwenye zile picha. Kaskazini Mashariki ilionekana kama jangwa lenye mzoga wa ng'ombe na mama aliyeshika kikombe. Mama yule hakuulizwa chochote. Kifaru hawezi kuongea, kwa hiyo anayetembea kwa niaba yake hana budi kumsemea. Sisi tuna midomo. Mtu akituchangia bila kutuuliza, ametuweka fungu moja na kifaru.

*

Ndiyo maana kuna kesi moja ya mwaka 1996 ambayo naona kila kijana wa Garissa angefundishwa shuleni.

Mnyama wetu hapa ni hirola. Ni swala mkubwa wa rangi ya udongo, mwenye alama nyeupe usoni kama miwani. Jina lake la kisayansi, Beatragus hunteri, limebeba jina la mwindaji Mwingereza, lakini hakuna mahali pengine duniani anapoishi kiasili isipokuwa mpaka huu wa Kenya na Somalia. Miaka ya sabini walikuwa zaidi ya 10,000. Magonjwa, ukame, bunduki na kupungua kwa nyasi vikawamaliza, na sasa hawafiki 500. Akiisha huyu, dunia imepoteza jenasi nzima, si spishi tu.

Serikali iliona njia ya haraka ni kuwahamisha. Baadhi walishapelekwa Tsavo tangu mwaka 1963, na mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likaja kuchukua wengine. Wakazi wa Garissa wakaenda Mahakama Kuu. Hoja yao, kwa maneno ya kawaida: hirola ni wa hapa, amelindwa na ardhi ya hapa, na huwezi kumpakia kwenye ndege bila idhini ya wanaoishi naye. Mahakama iliwaunga mkono ikatoa amri ya kuzuia. Wachache walikuwa wameshasafirishwa, lakini waliobaki walibaki.

Wafugaji, watu ambao siku zote huambiwa ndio maadui wa wanyamapori, walisimama mbele ya jaji wakasema mnyama huyu ni wetu. Werikhe alikuwa ametembea miaka kumi kumtafutia kifaru jamaa. Hirola jamaa zake walijitokeza wenyewe. Walichofanya baadaye kinaonyesha hawakuwa wanabisha tu. Jamii za huku zilitenga ardhi yao na kuanzisha hifadhi ya Ishaqbini, hapa jirani na Masalani. Mwaka 2012 sehemu yake ilizungushiwa uzio wa kuzuia wanyama wakali, wakaingizwa hirola 48. Wamezaana hadi kupita 100. Mmoja wa watafiti wanaojulikana zaidi duniani kwa mnyama huyu, Abdullahi Hussein Ali, ni mtoto wa Garissa, na mwaka 2020 alipata tuzo ya Whitley kwa kazi hiyo.

Uzio ule ulihitaji pesa, nyingi zikiwa za wafadhili wa mbali, labda wengine wao ni watu waliolipiwa kukimbia mahali fulani. Sioni ubaya. Tofauti ni kwamba hapa wa mbali walimkuta mwenyewe nyumbani, wakabisha hodi.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu jamaa yetu ni haya, na nimemwambia uso kwa uso. Aende. Kama kuogelea ni shida, aache mto kwa mamba, afanye baiskeli na miguu, hakuna jaji wa Hawaii atakayekuja kumfutia matokeo. Kuwa mgeni wa mchezo si aibu, ndiyo mtaji wake. Ila apite polepole kama Werikhe, asimame kila boma na kila duka, aseme tangi ni la nani na litajazwa na nani. Walimu na wazazi wawe wameshakaa chini kabla hajafunga kamba za viatu, wameshakubaliana nani atashika pesa, nani atanunua bomba, nani atalipa fundi tangi likivuja mwaka wa tatu. Picha za watoto wenye kiu asipige. Watoto wenyewe wakitaka kuongea, waongee.

Na sisi wa kibandani tutoe kabla hajaanza, kila mmoja chake, ili atakapofika kwa wageni awaambie kwamba wenyewe wameshachanga.

Michael Werikhe hakuona mwisho wa kazi yake. Agosti 1999 alivamiwa na watu wasiojulikana huko huko Mombasa, akafa kwa majeraha. Alikuwa amevuka mabara kwa miguu. Kifo kilimkuta mjini kwake. Leo Kenya ina vifaru weusi zaidi ya 900, karibu wote wakiwa ndani ya hifadhi zinazolindwa usiku na mchana. Wanaowalinda ni askari wa kawaida wanaotembea kuzunguka uzio, kama wale wa Ishaqbini wanavyotembea kila asubuhi kuwahesabu hirola. Kilomita zao hazihesabiwi na mtu, wala hakuna anayewasubiri mwisho wa njia na medali. Mwezi ukiisha wanangoja mshahara, na siku nyingine mshahara unachelewa. Ukitaka kumchangia mtu anayetembea, pale pia ni mahali pa kuanzia.